Ndoo ya Mama Asha

Mama Asha alifariki Jumatano, na habari zikanifikia Alhamisi asubuhi, niko upande wa mjini, Kindu, kinywa kimejaa mkate. Mwamini, binti yake, alipiga simu akasema maneno mawili tu, "Mama amekwenda," halafu akaongeza la tatu, maana watu wa Alunguli, kule ng'ambo ya mto, hawajui kuishia mawili: "Uvuke." Nikavuka. Wanaonijua wanajua kwamba mimi huitwa kwenye matanga kama wengine wanavyomwita mpishi. Nikishakaa mkekani, hata mfiwa huonyesha meno. Kuna wazee wa mji huu walioahirisha kufa mpaka nirudi safari. Lakini siku hiyo, katikati ya mto Lualaba, wenye mtumbwi walinichokoza mara tatu bure. Nilikuwa nahesabu. Kuna jambo moja la mwaka wa kolera, jambo la ndoo ya maji, ambalo lilijulikana kwa watu wawili peke yao duniani, mimi na Mama Asha. Hatukulizungumza hata siku moja. Sasa nimebaki mmoja, na mtu mmoja hawezi kukaa kimya pamoja na mtu mwingine; anakaa kimya tu.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala na nani; waliofanya kazi hiyo waliifanya vizuri, inatosha. Nianzie chumba. Kilikuwa katika uwanja wa Mama Asha, pale Alunguli, chumba kidogo kiasi kwamba nikitaka kugeuka kitandani nilitoka nje kwanza. Ukuta wa udongo ulinitenga na baraza ambapo wanaume wa nyumba walikula, na ulikuwa umechoka hata sauti ilipita kama hakuna kitu. Ulikuwa mwaka wa vita, ule ambao reli ilikatika na njia zote za kutoka Kindu zikafungwa. Mjini walikaa askari wa upande mmoja, porini wapiganaji wa upande wa pili, na katikati tulikuwa sisi na mihogo yetu. Chumvi ilikuja kwa ndege. Sabuni ilikuja kwa ndege. Tulikuwa mji wa kifalme kabisa: hata viberiti vyetu vilipanda ndege, wakati sisi wenyewe tulikuwa hatujapanda hata kamioni nzima yenye matairi manne. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nafuata masomo ya jioni katika darasa lisilo na madirisha, nikijifunza kugawanya na kuzidisha pamoja na mababa wenye mvi, na sikuwa na ndugu upande ule wa mto. Nilikuwa na sinia.

Sinia ile ilikuwa ya watu wanne. Papa Sadiki, mume wa Mama Asha, alikuwa fundi wa gari-moshi asiye na gari-moshi; kila asubuhi alivaa koti lake la kazi, akavuka mto kwenda kuziangalia reli, akarudi kutuambia kwamba bado ziko. Ramazani, mtoto wao wa kiume wa pekee, rika langu, alikuwa na mdomo kama kisu kipya. Saidi, fundi cherehani, alilala chumba cha pili. Wa nne ni mimi. Kwetu Maniema mwanaume anayekula peke yake ni msafiri, au mgonjwa, au ana kitu anachokificha. Mama Asha alileta bakuli la maji, Papa Sadiki akanawa wa kwanza, akampa Saidi, Saidi akanipa mimi, mimi nikampa Ramazani, wote maji yale yale, mpaka yafike kwa wa mwisho yakiwa na rangi ya mchuzi. Ilikuwa ndiyo heshima. Kisha sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, na wali wa mchele wa kutoka Tunda siku ambazo mitumbwi iliwaponyoka askari, na siku nyingine zote ugali wa mihogo. Mimi nilikula kwa ajili ya maneno. Siku moja Ramazani alimwambia baba yake, "Papa, hizo reli unazichunga sana, zitakuzalia," na mzee akacheka mpaka akapaliwa.

Halafu kolera ikaingia. Ilianza kwa familia zilizokimbia vijijini na kulala karibu na kivuko. Ndani ya majuma machache kila mtaa ulikuwa na kilio chake. Nayo dunia, ambayo tulidhani imetusahau, ikatukumbuka. Zilikuja ndege na mahema, chumvi ya kunywesha wagonjwa, na mapipa ya unga mweupe wa dawa ya maji ambao sote tuliuita javeli. Walikuja wageni wa kila rangi: daktari wa kike mrefu kutoka nchi ya barafu, wauguzi kutoka nchi nisizoweza kuzionyesha kwenye ramani, na mtu wa maji, Bwana Idrisa, mweusi kuliko sisi, kutoka kule jangwani ambako, alisema, mama mzazi hukugombeza ukiacha tone kwenye kikombe. Yeye ndiye aliyenichukua. Alitafuta watu wanaojua kusoma kipimo, mwalimu wangu wa jioni akanisukuma mbele kabla sijaelewa ninasukumwa wapi. Kesho yake nilikuwa nimesimama mahali pa kutekea maji pa Alunguli na aproni ya nailoni, ndoo ya dawa iliyokorogwa, na serengi kubwa isiyo na sindano.

Kazi yenyewe mtoto angeiweza. Kila anayeteka maji anapita kwako. Unavuta dawa kwenye serengi mpaka mstari, unasukuma ndani ya ndoo yake au bidoni yake ya plastiki, unamwambia asubiri nusu saa ndipo anywe. Bwana Idrisa aliturudia sheria kwa Kiswahili chake cha miezi mitatu: "Ndoo moja, kipimo moja, kila muntu. Hakuna mama, hakuna shefu, hakuna kolonele." Nami niliishika. Kuna siku askari alikuja na bidoni za mkubwa wake, akataka zipite bila dawa. Katika kusimulia kwangu, miaka hii yote, askari huyo amekuwa kumi na wawili na bunduki nzito moja. Ukweli ni kwamba alikuwa mmoja, kijana, amechoka, na nilipomwambia kwamba mkubwa wake akiharisha atatafutwa aliyeleta maji, alishika foleni nyuma ya bibi mmoja mwenye sufuria. Wanawake wakapiga vigelegele. "Dokta wa Ndoo," waliniita. "Dokta, hii ndoo yangu iko na mimba, uipime vizuri." Sijawahi kuwa mkubwa kama siku zile. Kwa urefu wangu wa wakati huo ningeweza kuvuka Lualaba bila kuloa magoti.

Lakini maji yalinuka. Chai ilinuka, uji ulinuka, hata mihogo iliyochemshwa ilitoka kama imelala hospitalini. Na pamoja na harufu yakaja maneno. Wageni hawa, watu walisema, wanalipwa kolera ikiwapo. Sasa kwa nini waiondoe? Mbona dawa inakaa kwenye serengi, kitu cha kuchomea watu? Wanawake wengine walianza kuteka mbele zaidi, nyuma ya mafunjo, ili wasinipitie. Mikono yangu nayo ilibeba ile harufu hata nikiisugua kwa majivu. Jioni moja, nilipoingiza mkono siniani, Papa Sadiki aliacha kutafuna. Hakunitazama mimi, alitazama mboga. "Sombe imebadilika," akasema. Kesho yake Mama Asha aliniletea chakula mlangoni, kwenye sahani ya bati, peke yangu. "Papa amesema kwanza ukae hivi," akasema, "mpaka kazi yako iishe."

Nimekula peke yangu mara nyingi tangu hapo. Nimekula kwenye hoteli na kwenye sherehe za diploma, na hakuna sahani niliyoiogopa kama ile ya bati. Nilikaa kitandani, magoti kidevuni, na ng'ambo ya ukuta wanaume watatu wakaendelea bila mimi. Nilisikia bakuli la kunawa likipita. Nilisikia Saidi akisema, "Ile mahali yake iache wazi, miguu ipate kunyooka." Nilisikia Ramazani akijibu, "Ukinyoosha, javeli itakuja kukuuma," wakacheka, nami huku nikacheka pia, kwa sauti ndogo, maana kilikuwa kichekesho kizuri na kilinihusu. Siku ya nne nilijibu utani wao kupitia ukuta. Wakanyamaza wote, kama kwamba mtu amekohoa kwenye sala. Sikurudia. Mchana nilikuwa na mtaa mzima mbele yangu, ndoo baada ya ndoo, watu wananitania na kunitukana. Jioni nilikuwa na ukuta.

Mama Asha aliona. Mwanamke yule alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na alitembea kwa haraka hata kuku walimpisha. Alikuja asubuhi moja kabla sijafunga aproni, akasimama kizingitini, kikwembe chake kimekazwa kiunoni.

"Mwanangu," akasema, "Papa hana neno na weye. Neno njo harufu. Chai yangu ingekuwa haina harufu, ya mikono yako angeivumilia, angekuita yeye mwenyewe."

"Mama, harufu njo dawa."

"Najua. Utie kwa watu wote, sikukatazi. Ndoo yangu moja, uniachie. Sisi ni watu safi, hatuna mugonjwa. Unanisikia?"

Nilisikia. Wanaosoma wataniambia, ungesema hapana. Nao labda hawajawahi kulishwa na mtu miaka miwili bila kuulizwa lolote. Kwetu, mama anayekupikia akiomba kitu, hapana haipo kinywani. Unaitafuta na ulimi huipati. Nilimkatalia askari mwenye bunduki, na nikamkubalia Mama Asha mwenye ndoo. Asubuhi hiyo alisimama kwenye foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika nilifanya kitu ambacho mikono yangu ilikijua kabla yangu: nikazamisha serengi, nikavuta, nikarudisha dawa yote ndani ya ndoo yangu kwa kidole gumba, kisha nikapeleka serengi tupu juu ya maji yake na kusukuma. Hewa ilitoka. Alinitazama mara moja, akainua ndoo, akaondoka. Nyuma yake mtu akasema, "Dokta, endelea."

Jioni ile Papa Sadiki aligonga ukuta kwa fundo la kidole. "Weye uliye ndani," akaita, "unakula na panya? Toka." Nikatoka. Ramazani alinisogezea miguu, akanusa hewa kwa mbwembwe. "Ah, amerudi muntu. Juzi tulikuwa na chupa." Bakuli lilikuja, maji yake safi, hayana harufu yoyote, wakanawa wote mpaka likanifikia. Kulikuwa na makayabu, samaki wa chumvi. Sikumbuki kama kuna siku nimekula vile. Ningeweza kumeza sinia yenyewe na mkeka wake. Siku sita nilikaa pale, siku sita niliisukuma hewa, na kila usiku niliposogea kulala nilijiambia kwamba nyumba moja kati ya nyumba zote za Alunguli si kitu, na kwamba watu hawa kweli ni safi.

Siku ya saba, alfajiri, nilisikia Ramazani akitoka nje mbio, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu hakutoka. Aliyewahi kuona kolera anajua. Ambaye hajaiona, simwombei aione. Tulimbeba kwenye mtumbwi mimi na Saidi, Papa Sadiki ameshika kichwa. Macho ya rafiki yangu yalikuwa yameingia ndani, na midomo ile ikitafuta neno la kuchekesha. Alilipata. "Usinitie javeli," aliniambia. Ng'ambo, kwenye mahema ya wageni, walimlaza kwenye kitanda chenye tundu, yule daktari wa kike alipiga magoti akitafuta mshipa wa mkono, kisha wa mguu, akisema na wenzake kwa lugha tatu. Walifanya kazi kama wanampigania ndugu yao. Alikufa kabla ya sala ya alasiri. Walimnyunyizia dawa, wakamfunga, na wanne wenye buti wakamshusha kaburini. Mama yake alisimama mbali, mikono chini.

Bwana Idrisa alikuja kwenye maji kesho yake na daftari lake. Aliniuliza taratibu, maana alijua ni mtu wangu: nyumba ile ilikunywa maji gani? Nikamjibu, "Haya yetu." Aliuliza tena, labda siku nyingine waliteka nyuma ya mafunjo? Nikasema, "Hapana. Haya." Akaandika. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu makini na aliniamini, alifanya kile ambacho mtu makini hufanya: kama maji yenye dawa yameua, basi dawa ndiyo mbovu. Alisimamisha kazi siku nzima. Alimwaga tulichokoroga, akalikataa pipa zima la unga ambao haukuwa na kosa, na pipa jipya lilipofunguliwa akaongeza kipimo. Maji yakanuka maradufu, na wengi zaidi wakaenda mafunjoni. Sijui waliougua huko ni wangapi. Nimeogopa kuuliza, na waliojua wametawanyika duniani.

Nimefikiri sana juu ya pipa lile. Lilitengenezwa katika nchi nisiyoijua, na watu wasionijua wakatoa walichonacho ili linunuliwe. Lilipanda meli, likapanda ndege. Wakubwa wa majeshi mawili, ambao hawakuelewana hata juu ya jina la siku, walikubaliana lipite. Watu husema usalama, na wakati ule kila mwenye bunduki alituambia ameleta usalama. Usalama wenyewe ulikuwa unga ule, na ulikuwa umevuka bahari na vita, umebakiza mkono mmoja tu kufika kwa Ramazani. Ni mkono wangu. Vita haikuuzuia. Niliuzuia mimi, kwa sababu nilikuwa na upweke na nilitaka kula na wenzangu.

Mama Asha alirudi kwenye foleni siku ya tatu ya matanga. Walimpisha mbele. Aliweka ndoo chini, nikavuta dawa mpaka mstari, nikasukuma, na yeye akayatazama maji mpaka yalipotulia. Nilingoja aseme. Nilitaka anitukane mbele ya Alunguli nzima, ningeshukuru. Alisema, "Nusu saa?" Nikasema, "Nusu saa, Mama." Akajitwisha. Hakukosa siku hata moja mpaka wageni walipofunga kituo, na jioni zote aliniita siniani, mahali pa Ramazani, na kunipakulia kama kawaida. Papa Sadiki alikunywa chai yake inayonuka mpaka tone la mwisho. Baadaye nilihamia ng'ambo, nikamaliza masomo ya jioni, nikapata diploma nikiwa na mvi mbili, nikawa mchekeshaji wa mji. Kila Idi nilivuka kwenda kumsalimu. Tuliongea juu ya bei ya mawese, juu ya magoti yake. Mara nyingi nilikaa na sentensi mdomoni, naye akaniongezea wali.

Basi Alhamisi nilikaa mkekani, mchana, uwanja umejaa. Mlangoni waliweka ndoo yenye bomba na sabuni, maana kuna ugonjwa mwingine mjini siku hizi, na kila aliyeingia alinawa bila kuambiwa. Saidi yupo, mzee sasa, hana meno, bado anashona. Mwamini, ambaye mwaka ule alikuwa mtoto wa kubebwa, alikaa karibu yangu na watoto wake. "Tuambie ile ya kolera," akasema. "Hawa watoto hawajaisikia." Nikaanza kama ninavyoanza siku zote: foleni iliyofika mpaka Kibombo, mwendo wa siku kadhaa, askari kumi na wawili, ndoo zenye mimba. Wakacheka. Papa Sadiki, aliyekufa zamani, nikamtoa na koti lake, wakacheka zaidi. Kisha, kwa kuwa sina sauti nyingine isipokuwa hii, nikaendelea kwa sauti hii hii. Nikasema Mama Asha aliniomba nisimtilie dawa, na mimi sikumtilia. Nikaonyesha kwa kidole gumba jinsi nilivyorudisha dawa, jinsi nilivyosukuma hewa. Nikasema, "Siku sita. Na njo vile Ramazani alikufa. Njo mimi."

Halafu Saidi akaanza, kicheko cha fizi tupu, mabega yakiruka. "Serengi tupu," akasema, akijifuta macho. "Anasukuma upepo kwa ndoo. Huyu muntu, hata kwa kilio haoni haya."

"Nasema kweli, Saidi."

"Kweli, kweli. Na wale askari walikuwa kumi na wawili."

Uwanja wote ukaangua. Mwamini alicheka mpaka akanishika bega. "Na mama alisema nini," akaniuliza, "alipojua?"

"Hakusema kitu."

"Ona sasa," akawageukia watu. "Pale njo uongo wako umejulikana, Dokta. Mama yangu, mama yetu Asha, akae bila kusema kitu? Miaka yote hii?" Wakacheka upya, hata wanawake waliokuwa jikoni wakasogea kuuliza ni nini, wakaelezwa, nao wakacheka. Nilimtazama Mwamini. Ana macho ya kaka yake. Nikatafuta sauti ya pili, ya mtu asiyechekesha, nikaitafuta ndani yangu kote.

"Tupe ingine," akasema.

Nikawapa ingine.